Wikendi ya Kambi Kwenye Kisiwa cha Mchanga: Maliza Malipo Kabla ya Kupanda Feri

Kila kundi la WhatsApp lina ile safari ambayo haijawahi kutoka kwenye kundi. Mtu anatuma picha ya machweo, watu kumi wanajibu "niko ndani," halafu siku ya kutuma pesa ikifika wanabaki watatu. Safari ya Naivasha au Diani bado inaweza kuokolewa dakika ya mwisho. Mmoja anachelewa na kuja na matatu ya jioni, mwingine anatuma hela akiwa barabarani, na mkifika getini mnalipa kwa simu na kuingia.

Kuna safari nyingine ambazo hazikupi nafasi hiyo. Leo tunazungumzia moja: kambi ya wikendi kwa gari la 4x4 kwenye kisiwa cha mchanga cha K'gari, jimbo la Queensland, Australia. Wakenya wanaosoma na kufanya kazi Australia si wachache. Huenda una dada Brisbane, au mlisoma pamoja na mtu ambaye sasa yuko huko, na mmeshaanza ile stori ya "ukija kunitembelea tutaenda." Kama ndiyo hivyo, makala hii ni yenu. Na hata kama safari yako ya karibu ni Magadi tu, njia ya kupanga pesa ni ile ile.

Jambo moja tu tunataka ulishike: kwenye kisiwa kama hiki, saa ya kupita inaamuliwa na bahari, na kila kibali lazima kiwe kimelipiwa kabla hujavuka. Kwa hivyo kazi kubwa ya safari inafanyika nyumbani, wiki kadhaa kabla, ukiwa na simu mkononi na mtandao upo.

K'gari ni mahali gani?

K'gari ndicho kisiwa kikubwa zaidi duniani kilichoundwa na mchanga. Kina urefu wa kilomita zaidi ya 120, na kiliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1992. Ramani za zamani zinakiita Fraser Island. Mwaka 2023 serikali ya Queensland ilirudisha rasmi jina lililotumiwa na wenyeji wake, watu wa Butchulla. Herufi K haitamkwi, kwa hivyo ukilisikia jina hilo Australia utadhani mtu anasema "gari." Kwa Mswahili, hilo si jina la kusahau.

Usidhani mchanga maana yake ni jangwa. Kuna msitu mrefu wa mvua uliootea juu ya mchanga, vijito vya maji baridi vinavyotiririka hadi baharini, na maziwa yaliyo juu ya vilima vya mchanga yanayojazwa na mvua pekee. Ziwa McKenzie, ambalo Wabutchulla wanaliita Boorangoora, lina mchanga mweupe na maji ya buluu ambayo umeshayaona kwenye picha hata kama hukujua ni wapi. Kwenye ufuo wa mashariki kuna mabaki ya meli ya Maheno, iliyosukumwa ufuoni na kimbunga mwaka 1935 ikiwa inavutwa kwenda Japani kuvunjwa kuwa vyuma chakavu.

Barabara kuu ya kisiwa ni ufuo wenyewe, unaoitwa 75 Mile Beach. Sheria za barabara zinatumika hapo kama kawaida: mikanda, leseni, kipimo cha pombe, na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kwenye njia za ndani ya msitu mwendo ni kilomita 30 kwa saa. Ndege ndogo pia hutua ufuoni hapo, kwa hivyo mchana huo huo unaweza kupisha lori, familia inayovua samaki, na ndege.

Anza na jedwali la maji, halafu kalenda ya kazi

Watu wengi hupanga safari hivi: tunatafuta wikendi ambayo kila mtu yuko off, tunaomba ruhusa, tunalipa. Kwa K'gari, geuza mpango. Fungua kwanza jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la eneo hilo, kisha utafute wikendi.

Mtu wa Lamu au Kilifi hahitaji kuelezwa sana hapa. Maji yakijaa, ufuo wa kupitia unapotea na unabaki na mchanga mkavu, mlaini, unaomeza tairi. Maji yakipwa, unapata mchanga mgumu wenye unyevunyevu, na hapo gari linapita vizuri. Ushauri wa wasimamizi wa hifadhi ni kutoendesha ufuoni ndani ya saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa kabisa. Ukipiga hesabu, unabaki na dirisha la kama saa nane, maji ya kupwa yakiwa katikati; ili kuwa salama zaidi, hapa tunatumia saa nne za katikati tu. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda juu zaidi na inabidi uwe mwangalifu zaidi.

Saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Huu hapa mfano. Tuseme Ijumaa maji yanakupwa kabisa saa tano asubuhi:

- Ijumaa: kupwa saa 5:00 asubuhi. Unaweza kuendesha saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana.
- Jumamosi: kupwa saa 5:50 asubuhi. Dirisha ni saa 3:50 asubuhi hadi saa 7:50 mchana.
- Jumapili: kupwa saa 6:40 mchana. Dirisha ni saa 4:40 asubuhi hadi saa 8:40 mchana.

Hiyo ni wikendi tamu, kwa sababu maji yanakupwa mchana siku zote tatu. Wikendi inayofuata mambo yanaweza kuwa kinyume kabisa: maji yamejaa saa sita mchana, na ufuo unapitika alfajiri na jioni tu. Ukilipia wikendi hiyo bila kuangalia jedwali, utakaa saa nyingi ukitazama bahari huku muda wa gari ulilokodi unakwenda.

Msimu nao uangalie. Juni hadi Agosti ni majira yao ya baridi, mvua ni chache na usiku una baridi ya kutosha kuhitaji blanketi nzito. Krismasi, Pasaka na likizo za shule hujaza kambi, kwa hivyo kama ni lazima uende wakati huo, weka nafasi mapema sana.

Wikendi yenyewe itakaaje?

Tukitumia mfano wa hapo juu: kutoka Brisbane hadi Inskip Point, karibu na mji mdogo wa Rainbow Beach, ni mwendo wa kama saa tatu. Ili uwe umefika na kujiandaa kabla ya saa tatu asubuhi, ondoka Brisbane saa kumi na moja alfajiri au mapema kidogo. Hapo Inskip unapunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani, kisha unapanda feri kwenda Hook Point. Kuvuka ni dakika chache tu, kama Likoni. Tofauti na Likoni, ukishuka upande wa pili hakuna lami inayokusubiri.

Ijumaa iwe siku ya kufika kambini. Kambi ya Dundubara iko kaskazini, ina uzio wa kuzuia mbwa mwitu, na ni mahali pazuri kwa kundi linalokuja mara ya kwanza. Jumamosi mnaweza kutembelea Maheno na kuoga Eli Creek, kijito cha maji baridi safi kinachokuteremsha taratibu hadi karibu na bahari. Jumapili mnafungasha mapema, mnasubiri dirisha lifunguke, mnarudi Hook Point.

Umeona Ziwa McKenzie halimo. Liko ndani ya msitu, kwenye njia za mwendo wa polepole, na kulibana ndani ya Jumapili ya kurudi ndiko kunakowafanya watu wakimbizane na maji. Kama ziwa ndilo unalotaka, weka kambi Central Station, ambayo ina uzio na iko karibu nalo, kisha uachie Dundubara safari nyingine. Siku tatu zinatosha upande mmoja. Kubalianeni upande upi kabla ya kulipa, kwa sababu kibali cha kambi ni cha mahali maalum na tarehe maalum.

Vitu vya kulipia kabla ya kuvuka

Hii ndiyo orodha ya malipo. Iandike kwenye kundi na uibandike juu.

1. Kibali cha gari. Kila gari linalokwenda K'gari linahitaji kibali cha hifadhi kabla ya kuingia. Kile cha muda mfupi kinakaa hadi mwezi mmoja, kwa hivyo kinatosha kabisa kwa wikendi.
2. Kibali cha kambi. Hulipwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Vibali hivi viwili vinanunuliwa kwenye tovuti rasmi ya hifadhi za serikali ya Queensland.
3. Feri. Kwenda na kurudi, kwa kila gari. Ukipita River Heads badala ya Inskip, feri ina ratiba na unahitaji kuweka nafasi.
4. Gari. Liwe 4x4 ya kweli, lililoinuka juu na lenye gia ya 4L. Gari dogo la all-wheel la kwenda nalo supermarket halifai hapa.
5. Bima. Soma hii sehemu mara mbili. Mikataba mingi ya kawaida ya kukodi gari haifidii uharibifu wa maji ya chumvi au wa kuendesha ufuoni. Tafuta kampuni inayoruhusu K'gari kwa jina, ndani ya mkataba ulioandikwa.
6. Dhamana ya gari. Kampuni nyingi hushikilia kiasi fulani kwenye kadi yako hadi gari lirudi. Pesa hiyo si yako ya kutumia wikendi hiyo, na kuachiliwa kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa. Usiihesabu kama hela ya chakula.
7. Mafuta, chakula na maji. Nunua bara. Kisiwani kuna maduka machache na mafuta sehemu chache kama Eurong na Happy Valley, na bei iko juu kwa sababu kila kitu kimevuka kwa feri.

Kwa upande wa karatasi: Mkenya anahitaji viza kabla ya kusafiri kwenda Australia, na ada yake inalipwa unapotuma maombi. Leseni yako ya Kenya iliyo kwa Kiingereza na ambayo haijaisha muda inakubalika Queensland ukiwa mgeni. Habari njema nyingine, wao pia wanaendesha upande wa kushoto.

Mfuko wa safari: nani anachanga, nani anashika

Sasa tuje kwenye sehemu yetu. Safari nyingi hazivunjwi na bei. Zinavunjwa na mtu mmoja anayejitoa baada ya wengine kulipa.

Chukua mfano huu (namba ni za kupigia hesabu, si bei halisi). Marafiki sita wamepanga magari mawili, na jumla ya gharama za pamoja ni dola 3,000 za Australia. Kila mmoja anachanga 500. Mmoja akijitoa wiki ya mwisho, gari na feri bado ni zile zile, na waliobaki wanatakiwa kutoa 600 kila mtu. Wakijitoa wawili, ni 750. Hapo ndipo urafiki unaanza kuingia doa, na hakuna aliyewahi kusema mapema nani atabeba.

Kwa hivyo kubalianeni mambo manne kabla shilingi ya kwanza haijatumwa:

Tarehe ya mwisho ya kuchanga. Anayelipa kufikia hiyo tarehe yumo. Asiyelipa hayumo, hata kama alituma emoji kumi za furaha.

Nini kinarudi na nini hakirudi. Mtu akijitoa baada ya kibali na gari kulipiwa, atafute wa kuchukua nafasi yake, au mchango wake ubaki. Muandike hivyo kwenye kundi na kila mtu ajibu "nimekubali." Hata kati ya ndugu, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mweka hazina mmoja, na shahidi mmoja. Michango iingie mahali pamoja palipotengwa kwa safari tu. Usichanganye na salio lako la kila siku, maana utanunua unga nayo bila kujua. Kama unatumia akaunti ya kikundi kwenye simu, hakikisha zaidi ya mtu mmoja anaona kinachoingia na kutoka. Kila Ijumaa mweka hazina atume orodha: nani amelipa, kiasi gani, nini kimelipiwa.

Akiba ya kunasuliwa. Tenga sehemu ya mfuko ambayo haiguswi. Gari likinasa mchangani na mawimbi yanakuja, kuvutwa na mtaalamu kisiwani ni ghali, na huo si wakati wa kuulizana nani ana hela. Msipoitumia, gawaneni mkirudi.

Na kuchanga si lazima kuume. Ukianza miezi sita mapema na kuweka kiasi kidogo kila Jumatatu kwenye akiba iliyofungwa hadi tarehe ya safari, mchango wako utakuwa umejaa bila kuhisi.

Ukituma pesa kutoka Kenya hadi Australia

Mara nyingi mwenzenu aliye Brisbane ndiye atakayelipia gari na vibali, halafu nyinyi mnamtumia. Angalieni vitu vitatu.

Cha kwanza ni kiwango cha kubadilisha pesa. Huduma mbili zinaweza kuwa na ada sawa, lakini moja ikakupa dola chache zaidi kwa shilingi zile zile. Usilinganishe ada peke yake. Uliza: nikitoa kiasi hiki, mpokeaji atashika dola ngapi mkononi?

Cha pili ni idadi ya miamala. Watu watano wakituma mmoja mmoja, mnalipa ada mara tano. Mkikusanya Kenya kwanza na kutuma mara moja, mnaokoa. Angalia tu kikomo cha muamala mmoja na cha siku kabla ya kutuma. Ongezeni pia kidogo juu ya bajeti, kwa sababu dola hupanda na kushuka kati ya siku mnayopiga hesabu na siku mnayolipa.

Cha tatu ni saa. Brisbane iko saa saba mbele yetu. Ofisi ya kukodi magari ikifunguliwa saa mbili asubuhi huko, Nairobi ni saa saba usiku. Malipo yanayohitaji mtu kuthibitisha pande zote mbili yafanyeni asubuhi ya Kenya, wakati huko bado ni alasiri.

Na wewe unayesafiri na laini yako ya Kenya: washa roaming kabla hujaondoka na ujaribu. Malipo mengi ya kadi mtandaoni hukutumia namba ya siri ya muda kwa SMS. Laini isipopokea SMS Australia, una pesa kwenye simu na huwezi kulipa. Beba pia noti na sarafu chache za dola. Mtandao wa simu kisiwani unakuja na kwenda, na mashine ya kadi bila mtandao haikusaidii.

Chunga matapeli wa safari

Picha za ziwa la buluu ni rahisi kuiba. Mtu anafungua ukurasa, anaandika "wikendi ya kambi, nafasi mbili zimebaki," anaweka bei ya chini kidogo kuliko wengine, na kukuomba utume deposit leo kwa namba ya mtu binafsi. Ukituma, ukurasa unakublock.

Kabla ya kubonyeza "tuma," fanya hivi. Soma jina linalotokea kwenye simu na ulinganishe na jina la kampuni. Omba mkataba na risiti yenye masharti ya kurudishiwa pesa. Vibali vinunue mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya serikali, kisha uingie na uhakikishe vina jina lako na namba ya gari lako. Mtu akikuharakisha, hiyo peke yake ni sababu ya kusubiri hadi kesho. Ukishatuma kwa makosa au kwa tapeli, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa ni vigumu kuirudisha. Na sisi hatutakuuliza PIN yako hata siku moja, hata tukikupigia kuhusu muamala uliofanya ukiwa nje ya nchi.

Vifaa ambavyo haviachwi

Cha kwanza ni kipimo cha upepo wa tairi na pampu. Wengi huanza na psi 18 hadi 20 mchangani, lakini fuata maelekezo ya wenye gari. Tairi iliyopungua upepo inatanuka na kuelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ukirudi kwenye lami, jaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Beba pia koleo, vibao vya kujinasulia, na kamba imara ya kuvutia. Magari mawili ni bora kuliko moja, maana la pili ndilo fundi wako wa karibu.

Gari likianza kuzama, usikanyage mafuta zaidi. Simama, shuka, ondoa mchanga mbele ya tairi, punguza upepo kidogo, weka vibao, kisha toka taratibu. Punguza pia mwendo mbele ya vijito vinavyokata ufuo. Ukiwa na kasi ya kilomita 80, ukingo wa mchanga wa nusu mita unakuja kama ukuta.

Kwa kambi: maji ya kunywa ya siku zote tatu, jiko la gesi, mifuko ya kurudisha takataka, na choo cha kubeba kama mtalala ufuoni, kwa sababu sehemu nyingi za kambi za ufuoni hazina choo. Moto wa kuni hauruhusiwi kila mahali. Dundubara na Waddy Point ndizo zenye sehemu za pamoja za kuwashia, na kuni unakuja nazo. Namba ya dharura Australia ni 000. Panapokosa mtandao, simu ya satelaiti ya kukodi inastahili kuwemo kwenye bajeti.

Wongari si mbwa wa mtaani

Mbwa mwitu wa K'gari anaitwa dingo, na kwa Kibutchulla wongari. Anaonekana kama mbwa yeyote wa kijijini, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2001 mtoto wa miaka tisa aliuawa na dingo kisiwani humo. Tembeeni kwa kundi, watoto wawe karibu kiasi cha kushikwa mkono, na mtu abebe fimbo. Chakula chote, hata takataka na sabuni yenye harufu, kifungiwe ndani ya gari. Kumlisha wongari ni kosa, na faini yake inazidi dola 2,000 za Australia. Hiyo ni safari nzima ya mtu mmoja imeenda kwa kipande cha soseji.

Baharini msiogelee. Kuna papa, kuna mikondo inayovuta, na hakuna waokoaji wa kuwatazama. Eli Creek na maziwa yanatosha.

Kalenda ya kubandika kwenye kundi

- Miezi sita kabla: chagueni wikendi kwa jedwali la maji. Kila mtu afungue akiba ya safari. Anzeni maombi ya viza.
- Wiki nane kabla: tarehe ya mwisho ya kuchanga. Lipeni gari, bima na kambi.
- Wiki nne kabla: kibali cha gari, nafasi ya feri kama mnapita River Heads, orodha ya vifaa.
- Wiki mbili kabla: roaming ijaribiwe. Mweka hazina atume hesabu ya mwisho.
- Siku moja kabla: angalieni tena jedwali la maji, hali ya hewa na matangazo ya hifadhi. Hifadhini vibali kwenye simu na mchapishe nakala. Jazeni mafuta.
- Mkirudi: osheni gari vizuri upande wa chini, chumvi inakula chuma. Ndani ya siku saba mweka hazina atume risiti zote na kugawa kilichobaki, ile akiba ya kunasuliwa ikiwemo.

Kama Australia bado iko mbali, jaribuni mfumo huu kwa wikendi moja hapa nyumbani, kundi lile lile, mweka hazina yule yule. Mtajua mapema nani hulipa kwa wakati, nani husoma ujumbe, na nani anajua kutumia pampu ya tairi. Ni afadhali kuyajua hayo mkiwa Magadi kuliko mkiwa Hook Point, saa nane na nusu mchana, maji yakianza kupanda.